Kikohozi Kabla ya Picha

Kwanza kilikuwa kikohozi tu. Wanjala aliingiza kanda kwenye deki, akabonyeza, akangoja ile mistari myeupe ipite kwenye kioo, na kabla picha haijatokea mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kusafisha koo, cha mtu anayejiandaa kusema mbele ya umati. Halafu picha ikaja na muziki wake wa Kihindi, kama kawaida.

Alirudisha kanda nyuma asikilize tena. Safari hii hapakuwa na kikohozi.

"Umekohoa?" akamuuliza mkewe, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni.

"Nikohoe kwa nini?" Abby hakuinua macho. "Hizo takataka za watu zina vumbi. Wewe ndiye utakohoa mpaka uzikwe nazo."

Takataka hizo ndizo zilizowalisha. Chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga mtaa wa Kaloleni, hapa Voi, Wanjala alikuwa amekigeuza duka la kuhamisha kanda za zamani. Vijana hawakuwa wateja wake, maana sinema zao wanazipata kwenye simu. Waliokuja ni watu wa makamo, wenye mifuko ya plastiki yenye albamu za kwaya na za rumba, filamu za miaka ya themanini na tisini walizozitazama wakiwa bado na meno yote. Kanda zingine zilikuwa zimeshika ukungu. Yeye alizisafisha utepe taratibu kwa pamba, akazitia kwenye flashi, na wenyewe wakaenda nyumbani kulia vizuri.

Lakini boksi hili hakuletewa. Alilifuata mwenyewe kwa mama mmoja mjane aitwaye Immaculate, nyuma ya stesheni. Alikwenda kununua, na yule mama hakutaka hata kusikia habari ya bei.

"Chukua tu," alimwambia, akilisukuma boksi kwa mguu. "Ukimaliza usinirudishie."

Marehemu mumewe alikuwa Mulei, na kila mtoto aliyekulia Voi miaka ile alimjua Mulei. Alikuwa na banda la video, mabati kwa turubai, benchi za mbao, televisheni moja juu ya meza, na kando yake yeye mwenyewe na maikrofoni. Filamu zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na lugha hizo hakuna aliyezijua, Mulei akiwemo. Alizisimulia tu kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, akawa sauti ya mwanamume, ya mwanamke, ya mtoto, hata ya mbwa. Na utamu wenyewe ulikuwa majina. Waliomo kwenye filamu aliwapa majina ya watu wa hapa hapa. Steringi akawa fundi wa reli aliyeketi benchi ya pili. Adui akawa karani wa soko. Watu walicheka mpaka wakaanguka. Wanjala, mtoto wa mfanyakazi wa reli, Mbukusu aliyezaliwa mbali na kwao, alimwomba Mulei kila Jumamosi ampe steringi jina lake, kwa sababu steringi hafi.

Habari za hao maadui zilisemwa kwa sauti ya chini. Kwamba yule karani alivunjika nyonga vilevile kama adui kwenye filamu. Kwamba sauti ile Mulei hakuzaliwa nayo, aliifuata pwani kwa mtu akapewa jini, na jini lenyewe halikula mbuzi wala kuku, lilitaka majina. Kwamba Mulei alipokuwa anakufa mdomo wake ulichezacheza usiku na mchana na hakuna kilichotoka. Wanjala alikuwa ameokoka. Maneno ya namna hiyo aliyaweka fungu la ushirikina, akayafunika.

Ila kitu kimoja kilimkaa. Mulei alisimulia kwa mdomo, papo hapo, mbele ya watu. Sauti yake haikuwahi kuingia kwenye kanda. Sasa aliyekohoa ni nani?

Ndani ya boksi, chini ya kanda zote, alikuta maikrofoni ya Mulei imefungwa kwa kitambaa cheusi. Ilinuka ubani. Wanjala akaifuta na kuijaribu, ikaitika, na hapo wazo likamjia: asimulie upya filamu moja, kwa mtindo ule ule wa Mulei, awauzie watu wa rika lake. Nani asingenunua?

Akachagua ile ya mtoto na gari moshi, maana hakuna aliyeisahau. Kuna bibi mwenye mkongojo anayemchukia mkwewe. Kuna mtoto mdogo wa gauni la njano. Jioni moja mtoto anasikia sauti kama ya mama yake ikimwita kutoka nje, anafungua mlango, anaifuata, anaifuata mpaka relini. Banda zima lililia siku ile. Mtoto hakuokolewa.

Jumamosi alasiri Wanjala akafunga pazia, akaunganisha maikrofoni na kompyuta. Binti yake Shanice, wa miaka saba, akaketi sakafuni mikono magotini.

"Wapenzi watazamaji," Wanjala akaanza, akiiga, "tulieni vitini."

"Baba, niweke mimi."

"Uwe nani?"

"Huyo wa gauni la njano."

Wanjala alisita. Alijua huyo wa gauni la njano anakoishia. Lakini alikuwa ameshapanga kuubadilisha mwisho. Yeye ndiye msimulizi. Angesema mtoto ameruka kando, treni imepita, Mungu mkubwa. Si mdomo ni wake?

"Haya. Huyu mrembo mnayemwona anaitwa Shanice." Mtoto akajiziba mdomo kwa furaha. "Na mama yake ni Abby. Msishangae anavyotembea, ametoka kuulizia bei ya sukari."

Abby akacheka mlangoni.

Halafu bibi mwenye mkongojo akaingia kwenye picha, na ulimi wa Wanjala ukakitangulia kichwa chake. "Na huyu, watazamaji, ndiye adui. Mwangalieni vizuri. Anaitwa Tryphena."

Kicheko cha Abby kikaisha hapo hapo. "Huyo ni mama yangu."

"Ni mchezo, mama Shanice."

"Mchezo unachezwa na watu wa rika lako. Si nyinyi mnasema kwenu jina la mama mkwe halitajwi? Leo umelitaja kwa maikrofoni."

"Nitalifuta nikimaliza."

Hakulifuta. Mama Tryphena alikuwa ameteremka tangu zamani kidogo kutoka Mwanda, huko milimani Taita, kwa ajili ya kliniki ya mguu, na kwa kuwa kwa Wabukusu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, wala hawaketi wakatazamana, wala hawapeani mkono, walimpangia chumba upande wa pili wa uwanja, ploti hiyo hiyo. Haikupita muda, mama akasimama mbele ya wazee wa kanisa akasema, kwa upole, kwamba haoni kama ni vizuri mtu anayekula jasho la filamu za dunia kushika maikrofoni ya kwaya. Wazee wakakubaliana naye. Wanjala, aliyekuwa ameongoza nyimbo tangu ujana, akarudishwa benchi ya nyuma. Akasema amina. Akatabasamu. Akampelekea mama maziwa jioni ile, kupitia mkono wa mtoto. Hasira yenyewe akaimeza nzima nzima, ikakaa ndani kama jiwe tumboni mwa mbuni.

Sasa akampa yule bibi wa kwenye kioo maneno makali. Akamfanya acheke vibaya, akamfanya ale nyama peke yake gizani. Kila neno lilikuwa tamu mdomoni. Alifika pale mtoto anapoweka mkono kwenye kitasa cha mlango, stima ikapotea.

Kioo kikawa cheusi. Chumba kikabaki na mwanga kidogo wa pembeni mwa pazia. Na katika kimya hicho, karibu kabisa na sikio lake, mtu akakohoa.

"Abby anainuka," sauti ikasema. "Anakwenda kuokota kifuniko kilichoanguka."

Huko jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. Abby akainuka.

Wanjala akaitazama maikrofoni mkononi mwake. Waya wake ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye kompyuta iliyozimika. Akaiweka mezani kama mtu anayeweka yai. Ni masikio, akajiambia. Nimesema sana leo, maneno yanarudi.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama dirishani akipiga mswaki. Redio ya jirani ilikuwa inacheza wimbo wa zamani, na katikati ya wimbo gitaa likanyamaza, kikohozi kikaja, na harufu ikaingia dirishani, ubani pamoja na plastiki inayoungua.

"Bibi anatoka chumbani," ikasema redio, kwa sauti iliyofanana na ya Wanjala mwenyewe, ila imezeeka. "Bibi hajaiona sabuni."

Mlango wa mama ukafunguka. Akatoka na mkongojo na ndoo yake ndogo, akielekea bombani, na pale kwenye saruji, kwenye kivuli, kipande cha sabuni kilikuwa kimelala kikimngoja. Wanjala alikiona. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Mama, simama. Neno lilifika kwenye meno likakuta povu la dawa, au ndivyo alivyojitetea baadaye, lakini ukweli ni kwamba mdomo haukumshinda. Alingoja kuona. Na mama alipoanguka, kabla hajakimbia, kabla hajapiga kelele za kuita watu, kitu cha moto kizuri kilimpita kifuani. Alifurahi.

Akakimbia. Wakamwinua, yeye akishika mkongojo na Abby akimshika mama. Hakuvunjika, aliumia nyonga tu.

"Pole sana, mama," akasema Wanjala, macho chini kama inavyompasa.

"Ulikuwa dirishani," mama akasema.

"Ndio, mama. Sikuwahi."

Mama Tryphena alimtazama utosini. "Haya," akasema.

Kutoka siku hiyo sauti haikuchagua tena pa kutokea. Ilitoka kwenye simu ya Abby kabla haijalia, kwenye feni, kwenye sufuria ya uji inayochemka, na kila mara kikohozi kilitangulia. Abby anatafuta chumvi. Abby ameisahau chumvi. Abby naye sasa alikuwa anasikia, na walitazamana tu juu ya kichwa cha mtoto wakaendelea kula, kwa sababu hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja.

Aliyewalazimisha ni Shanice. Jumanne jioni walimkosa ndani. Wanjala alimkuta getini, akihangaika na komeo, amejifunga kanga ya njano ya mama yake mabegani hadi miguuni kama gauni.

"Unakwenda wapi?"

"Mama ameniita."

Abby alikuwa nyuma yake, mikono imejaa unga. "Nimekuita saa ngapi? Mimi niko hapa."

"Si wewe," mtoto akasema, kwa subira, kama anayemwelekeza mgeni. "Yule mama aliye huko." Akanyoosha kidole kupita ua wa miiba, kule ilikopita reli ya zamani iendayo Taveta, ile ambayo treni haijapita siku nyingi mpaka nyasi zimemeza mataruma na mbuzi wanalala katikati yake.

Jioni ile Wanjala alimweleza mkewe kila kitu kuhusu filamu, au karibu kila kitu. Alimweleza mahali alipokatikia. Abby alisikiliza, unga ukimkaukia vidoleni.

"Mwisho wake ni nini?" akauliza kwa mnong'ono. "Mimi sikuwahi kuiona. Milimani hatukuwa na video. Huyo mtoto anapatwa na nini?"

Wanjala aliinuka akaenda kuhakikisha komeo la geti limefungwa.

Akaifuta kazi yake kwenye kompyuta, akahakikisha imefutika. Akaitoa kanda, akaipeleka nyuma ya choo, akauvuta utepe wote nje kama matumbo ya samaki na kuutia moto, akisema jina la Yesu juu yake, na moshi uliotoka haukuwa wa plastiki peke yake, ulikuwa wa ubani, mzito, wa rangi ya maziwa, ukapanda hadi usawa wa uso wake ukasimama hapo bila kwenda na upepo, na kutoka ndani ya moshi, taratibu, kama mtu ambaye hana haraka kwa sababu mlango umeshafunguliwa na wenyewe, mtu akakohoa akasema kwamba baba anachoma kanda, baba anadhani hadithi imo kwenye kanda, na kesho jioni mtoto atafungua geti.

*

Abby ndiye aliyevuka uwanja kwenda kumwambia mama yake. Wanjala aliwaona kupitia dirishani, mama ameketi kitandani, binti amepiga magoti, na mama hakushtuka hata mara moja. Kesho yake alasiri akamtuma Abby amwite mkwe. Wakakutana katikati ya uwanja, maana mama asingeingia kwa mkwe wala mkwe asingeingia kwa mama. Mama akaketi kwenye kigoda. Wanjala akasimama pembeni, ameugeukia ukuta wa bafu.

"Geuka," mama akasema.

"Mama, mimi..."

"Najua. Kwenu hamtutazami. Na jina letu pia hamlitaji, au sivyo?"

Wanjala aliendelea kuutazama ukuta.

"Sikukuita nikugombeze," mama akaendelea, sauti ya chini. "Mulei tulimjua hata sisi wa milimani. Hilo dude lake halikai kwenye kanda. Linakaa kwenye kinyongo cha aliyetaja jina. Linakula hapo, linapata nguvu ya kumaliza hadithi. Hasira ni yako, jina ni langu, mtoto ni wetu."

"Niite mchungaji, mama? Aombe."

"Aombe, na tutaomba. Lakini utaombaje na umeuma kitu menoni? Kwetu Wataita mtu akiwa na hasira moyoni anatasa. Unachukua maji mdomoni, unayatema nje, unasema kilichokuwemo, mbele ya yule uliyemkasirikia, na hukirudii tena. Wazee walitasa kabla ya mvua, kabla ya harusi, kabla ya kumwingiza mgonjwa ndani. Kanisa halikunikataza kuusafisha moyo."

"Nitasema nini?"

"Kile ulichonacho. Chote. Na usiyameze hayo maji. Ukimeza hata tone, umelilisha."

Wanjala akageuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona uso wa mama mkwe moja kwa moja. Alikuwa na macho ya Abby, na alikuwa amechoka.

Abby alikuwa ameketi kizingitini amempakata Shanice. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima, uwanja umeingia kivuli. Mama alichota maji kwa kikombe cha bati, na kikombe hakijamfikia Wanjala mkononi, kikohozi kikasikika, safari hii kutoka pande zote, kutoka kwenye bomba, kwenye mabati, kwenye kamba ya nguo.

"Mtoto anasimama," ikasema sauti.

Shanice akasimama. Abby akamrudisha mapajani, akamkumbatia kwa mikono miwili. Mtoto hakulia wala hakupigana, alitembea tu, miguu ikitembea hewani, na Abby, mwanamke aliyezoea kubeba gunia la mahindi, akaanza kuburutwa kwenye saruji akiwa ameketi.

"Tasa," mama akasema.

Wanjala akatia maji mdomoni, akayapuliza nje yakaruka kama manyunyu kati yao wawili. "Nina hasira nawe, mama. Uliniaibisha mbele ya wazee. Ungeniita ukaniambia, hukuniita." Akatia mengine, akatema. "Nilikuletea maziwa nikitamani yakukwame. Nilikuita adui kwa maikrofoni na nilijua ninachofanya. Mchezo ulikuwa uongo."

"Endelea."

Na kutoka magharibi, kutoka upande ambao hakuna kitu kinachokuja isipokuwa mbuzi na upepo, honi ya treni ikalia, mbali, nzito, ya treni ya makaa ya zamani, na Shanice akageuza kichwa akatabasamu kama mtu aliyesikia jina lake, na Abby akasema kwa sauti iliyokatika kwamba hawezi tena, mikono inamtoka, na sauti ya Mulei iliyokuwa sauti ya Wanjala ikawa inasema bila kuvuta pumzi kwamba mtoto amefika getini, geti limefunguka, na geti likafunguka, komeo likiteleza lenyewe taratibu mbele ya macho yao, na ardhi chini ya kigoda cha mama ikaanza kutetemeka kwa magurudumu ya kitu ambacho hakikuwepo.

Mama Tryphena akanyakua kikombe, naye akatia maji mdomoni. "Na mimi nina hasira," akasema baada ya kutema, akiutazama uso wa Wanjala. "Nilitaka binti yangu aolewe na mtu wa kwetu. Akachukuliwa na mtoto wa reli. Nilisingizia filamu mbele ya wazee, filamu sikuwa na shida nazo. Mungu anisamehe, nawe unisamehe." Akampa kikombe. Lilikuwa limebaki funda moja. "Umebakisha nini?"

Wanjala akalitia funda lile mdomoni.

Alijua alichobakisha. Kilikuwa cha asubuhi ile dirishani, mswaki mkononi. Angewezaje kumwambia mama mtu mzima, uso kwa uso, mbele ya binti yake, kwamba nilikiona kile kipande cha sabuni na nilinyamaza, na ulipoanguka nilifurahi? Hasira mtu husamehewa. Lakini hilo? Abby angelala naye vipi tena? Treni ililia tena, karibu, na nywele za Shanice zikaanza kupeperushwa na upepo wa treni, na Wanjala akatema maji akasema, "Nimekusamehe, mama. Nisamehe."

"Kimekwisha?"

Maji kidogo yalikuwa bado chini ya ulimi wake.

"Kimekwisha, mama," akasema. Akameza.

Mtikisiko ukakatika, kana kwamba mtu amechomoa waya. Geti lilibaki wazi na nje yake kulikuwa na njia tu, na jirani aliyekuwa anapita na jagi la maziwa akawasalimia akishangaa wote wamekusanyika uwanjani. Shanice alikuwa amelala mikononi mwa mama yake. Alipoamka aliomba chai na mkate, akauliza kwa nini kanga ya mama yake imelowa. Maikrofoni waliitupa chooni ndani ya kitambaa chake. Asubuhi Wanjala alikwenda relini peke yake. Nyasi zote katikati ya vyuma zilikuwa zimelala upande mmoja, zimeelekea Voi mjini, na mwisho wa zile zilizolala ulikuwa sawasawa na geti lao.

*

Mama Tryphena hakungoja. Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa wazee na mkongojo wake, akawaambia alikosea, akataka mkwewe arudishiwe kwaya. Wazee wakafurahi, maana nyimbo zilikuwa zimepooza.

Nyumba ilikuwa imetulia. Redio ikawa redio. Abby alianza kuimba jikoni. Wanjala sasa alimsalimu mama mkwe akimtazama usoni, na majirani waliocheka walijibiwa na mama mwenyewe kwamba waulize kwao kuna mkwe gani anayewapenda hivyo. Usiku tu, akipiga magoti kuomba, Wanjala alihisi ubaridi mdogo chini ya ulimi, kama tone ambalo halijakauka. Akaahidi atasema. Atamwambia mama siku moja wakiwa wawili. Baada ya Jumapili.

Jumapili akapanda mbele. Kanisa lilijaa. Benchi ya kwanza waliketi watu wake: Abby ukutani, Shanice katikati na gauni lake la bluu, mama Tryphena pembeni karibu na njia, macho amefumba anangoja wimbo. Wanjala akaigonga maikrofoni kwa kidole. Ikaitika. Watu wakasimamisha mazungumzo yao.

Alivuta pumzi ya kuanza, na hapo Shanice akakohoa.

Kikohozi kikavu, cha kusafisha koo. Abby akampapasa mgongo bila kumwangalia. Mtoto alikuwa anamwangalia baba yake, na macho yake yalikuwa ya kitoto, ya kawaida, yenye furaha ya kumwona baba mbele ya watu. Midomo yake ikaanza kucheza. Sauti ilikuwa ndogo mno kufika hata benchi ya pili, lakini Wanjala aliisikia kwenye spika zote.

"Bibi anasimama," akasema mtoto. "Bibi anatoka nje. Baba anaona, na baba ananyamaza."

Wanjala alikuwa na maikrofoni mdomoni na kanisa zima likimngoja. Mdomo ulikuwa umejaa maji. Hapo benchi ya kwanza, mama Tryphena akafumbua macho, akainama, akaanza kuutafuta mkongojo wake.